Plagini za video zipimwe kabla ya kusifiwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalowagusa wahariri wote wa video, wawe wanatengeneza video za harusi na sendofu, nyimbo, mahubiri au matangazo ya biashara. Ni suala la plagini za efekti, yaani vile vijiprogramu vya watengenezaji wa nje vinavyopachikwa ndani ya Premiere Pro, After Effects, DaVinci Resolve, Final Cut Pro au Vegas Pro ili kuongeza mng'ao, kuondoa chenga, kupunguza kasi ya picha au kutengeneza maandishi ya 3D. Zikiandikwa kwenye kurasa za teknolojia au zikijadiliwa vijiweni, hupangwa kwa uzuri wa efekti na kwa bei. Je, plagini hii itamaliza kurenda, yaani kukokotoa na kutoa video ya mwisho, bila kuiangusha programu nzima? Swali hilo, ambalo mwenye kazi ya kukabidhi Jumamosi analihitaji kuliko yote, haliulizwi. Likiulizwa, hujibiwa kwa jina la kampuni: ya fulani ni nzuri, ya fulani inagoma.

Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu. Uthabiti haukai ndani ya plagini peke yake. Unatokana na mchanganyiko mzima: toleo la plagini, toleo la programu mama (ile ya uhariri inayoibeba), draiva ya kadi ya picha na mfumo wa kompyuta. Plagini ileile inaweza kufanya kazi mwaka mzima kwenye mashine moja na kuifunga programu kila baada ya dakika tatu kwenye mashine ya jirani. Anayetaka kulinganisha plagini kwa haki lazima ajue kwanza zinaharibika vipi.

Jambo la kwanza ni mahali plagini inapofanyia kazi. Plagini za Adobe ni mafaili yenye mwisho wa .aex kwenye Windows, na programu huyapakia ndani ya mchakato (process) wake yenyewe. Yanatumia memori ileile inayoshika mradi wako. Plagini za OFX, kiwango cha wazi kilichoanzia kampuni ya The Foundry ya Uingereza na kinachotumiwa na Resolve, Vegas, Nuke na Natron, kwa kawaida nazo hupakiwa vivyo hivyo. Hali hii ni kama wapangaji wanaotumia mita moja ya umeme: mmoja akipiga shoti, nyumba nzima inaingia giza. Plagini ikiandika mahali pasipo pake kwenye memori, Windows haiifungi plagini. Inaifunga Premiere yote, pamoja na kazi ambayo hukuihifadhi.

Apple walichukua njia nyingine. Kwenye FxPlug 4, mfumo wa plagini za Final Cut Pro na Motion, kila plagini huendeshwa katika mchakato wake wa pembeni, na picha hupelekwa na kurudishwa kupitia memori ya pamoja. Plagini ikifa, programu mama inabaki wazi na mradi uko salama. Natron nayo ina mpangilio wa kurenda katika mchakato wa pembeni. Kwa hiyo mtu akisema plagini fulani "haigomi kabisa kwenye Mac", muulize aliijaribu kwenye programu gani. Plagini hiyohiyo ndani ya After Effects kwenye Mac hiyohiyo haina kinga ile.

Kuna pia bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la plagini lakini si plagini. LUT ya .cube ni jedwali la namba za kubadili rangi tu. Ile ya pointi 33 ina mistari 35,937 ya rangi na haina msimbo wowote wa kuangusha programu. Template za .mogrt za Premiere, za Motion na makro za Fusion (sehemu ya efekti ya Resolve) kwa kawaida zimejengwa kwa efekti za programu yenyewe. Zinaweza kuwa nzito, zinaweza kukosa fonti, lakini zikijengwa hivyo haziingizi msimbo wa mtu mwingine kwenye memori yako. Ikiwa unachotaka ni rangi ya filamu au jina linaloingia kwa madoido, anzia huko, maana nusu ya matatizo yanaisha kabla hujanunua kitu.

Jambo la pili ni kazi zinazokwenda sambamba. After Effects 2022, iliyotoka Oktoba 2021, ilianza kurenda fremu kadhaa kwa wakati mmoja. Ili plagini ikubaliwe katika utaratibu huo, mtengenezaji lazima atangaze ndani ya msimbo kwamba iko salama kuitwa mara nyingi kwa pamoja. Ambayo haijatangaza huwekewa alama ya tahadhari kwenye paneli ya efekti, na fremu nyingine zinalazimika kuisubiri zamu yake. Hiyo ni polepole, lakini ni salama. Hatari kubwa iko kwa plagini iliyojitangaza salama ilhali ndani yake fremu mbili zinagombania sehemu moja ya memori. Hiyo haigomi kila mara. Leo inamaliza, kesho inatoa fremu moja yenye mwako wa ajabu katikati ya wimbo, keshokutwa inaifunga programu. OFX ina ngazi tatu za tangazo hili: isiyo salama, iliyo salama kwa kila nakala peke yake, na iliyo salama kabisa. Programu mama haina njia ya kuhakiki. Inaamini ilichoambiwa.

Jambo la tatu ndilo linaloangusha wengi huku kwetu, ambako kadi za picha za GB 4 bado ni za kawaida: memori ya kadi. Hesabu yake haina siri. Fremu moja ya 1920 kwa 1080, yenye njia nne za rangi na baiti 4 kwa kila njia, inakula baiti 33,177,600, yaani kama MB 33. Fremu ya 4K ya 3840 kwa 2160 inakula mara nne yake, MB 133. Sasa chukua plagini ya kuondoa chenga inayotazama fremu za jirani. Neat Video, kwa mfano, ikiwekwa upana wa fremu 5 inasoma 5 za nyuma, 5 za mbele na ile ya katikati: jumla 11. Kwa 4K hizo ni karibu GB 1.5 za kuingiza tu, kabla ya nakala za kazi za ndani na kabla ya programu mama, Windows na skrini zako kuchukua chao. Ukiongeza juu yake plagini ya kupunguza kasi, kama Twixtor, ambayo lazima ikokotoe mwendo wa kila pikseli, kadi ya GB 4 imejaa. Plagini iliyoandikwa vizuri ikikosa memori huhamia kwenye CPU (prosesa kuu ya kompyuta) au huripoti kosa kwa maneno. Iliyoandikwa ovyo haikagui kama memori iliyoomba imepatikana, inaendelea kuandika hewani, na programu inajifunga. Hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya plagini na plagini, na huwezi kuiona kwenye video ya matangazo.

Kuna kosa moja ambalo plagini husingiziwa bure. Windows huipa kadi ya picha sekunde 2 kumaliza kazi moja. Zikipita, inaamini kadi imeganda na kuiwasha upya draiva: skrini inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, na programu ya video imepoteza kadi yake. Kwenye kadi dhaifu, kipande kimoja cha kuondoa chenga kwenye 4K kinaweza kuzidi muda huo bila hitilafu yoyote. Dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo: upana wa fremu 5 ushushwe hadi 2, au plagini ihamishiwe CPU. Neat Video ina kipimo cha ndani kinachojaribu CPU peke yake, kadi peke yake na vyote viwili, kisha kinaonyesha fremu kwa sekunde. Kitumie badala ya kukisia. Dawa ya pili ni kuongeza muda wenyewe kwenye rejista ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\GraphicsDrivers, kwa thamani ya DWORD iitwayo TdrDelay. Thamani ya 10, yaani sekunde 10, inatosha kwa kazi nyingi. Hifadhi nakala ya rejista kwanza, kisha uwashe kompyuta upya.

Kwa aina, basi, hatari inapanda hivi. Plagini za rangi zinazogusa pikseli moja moja ndizo tulivu zaidi. Mng'ao na ukungu huhitaji pikseli za jirani, kwa hiyo huwa nzito kadiri unavyoongeza upana. Plagini zinazotazama fremu nyingi hula memori kama tulivyoonyesha. Za 3D mara nyingi hushikilia maumbo na picha zake ndani ya kadi wakati mradi uko wazi. Element 3D ya After Effects, inayotumia OpenGL (mfumo wa kuchora picha kwa kadi), iko kundi hili, na kwenye Mac kuna la ziada, kwa sababu Apple walitangaza mwaka 2018, na macOS 10.14, kwamba OpenGL imeachwa. Na watumiaji wa Mac za M1 na kuendelea wakumbuke kwamba plagini iliyotengenezwa kwa chipu za Intel pekee haipakiwi na programu kama After Effects inapoendeshwa kwa asili kwenye chipu hizo. Haionekani kabisa kwenye orodha, na watu hudhani imeharibika.

Kupima kunahitaji mchana mmoja, na kufanyike kabla ya kununua, kwa kuwa watengenezaji wengi wanatoa toleo la majaribio. Andika kwanza namba nne: toleo la mfumo, la programu, la draiva na la plagini. Kisha tengeneza mradi mdogo wenye klipu za aina unazopokea kweli: ya kamera kwa fremu 25, ya simu yenye kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na moja ya 4K. Weka plagini moja tu. Fungua Task Manager, ukurasa wa utendaji, utazame memori ya kadi wakati wa kurenda. Ikipanda na kushuka, sawa. Ikizidi kupanda kila unaporudia kurenda na haishuki, huenda plagini inavuja, yaani haiachilii memori iliyomaliza kuitumia. Na uvujaji si jambo dogo: fremu moja ya 1080 isiyoachiliwa, kwa fremu 25 kwa sekunde, ni karibu MB 830 kwa kila sekunde ya video. RAM ya GB 16 inajaa kabla ya sekunde 20 za wimbo kupita.

Baada ya hapo irudie kurenda klipu ileile na ulinganishe matokeo mawili. Usilinganishe kwa macho. Toa mfululizo wa picha za TIFF mara mbili, kwenye folda mbili, kisha ndani ya kila folda endesha

ffmpeg -i picha_%04d.tif -f framemd5 orodha.txt

Programu hiyo ya bure, ffmpeg, itakupa mafaili mawili yenye alama (namba ya utambulisho) ya kila fremu. Tumia TIFF wala si video iliyobanwa ya H.264, kwa sababu ukibana kwa kadi ya picha tofauti inaweza kutoka kwenye ubanaji wenyewe. Alama zikifanana zote, plagini inatoa jibu lilelile kila mara. Zikitofautiana, fungua fremu zile uzitazame. Tofauti ya chembe ndogo ya rangi inaweza kuwa ni namna kadi inavyojumlisha desimali. Mstari mweusi, kipande kilichohama au fremu ya zamani iliyojirudia ni ushahidi wa ugomvi wa memori tuliousema. Zima kurenda kwa fremu nyingi uone kama unaisha.

Halafu itese kama unavyoitesa kazini. Nakili klipu yenye efekti mara 30. Rudisha nyuma (undo) hatua kwa hatua, kisha zirejeshe. Kata klipu katikati, ihamishie sikwensi nyingine, badilisha ukubwa wa sikwensi kutoka 1080 kwenda wima wa simu. Hifadhi, funga, fungua tena. Mwisho, ufungue mradi huo kwenye kompyuta isiyo na plagini hiyo, uone unafunguka na onyo au haufunguki kabisa. Plagini inayosifiwa kwa kurenda inaweza kushindwa kwenye kurudisha nyuma, kwa sababu hapo ndipo zinapofutwa na kuumbwa upya mara nyingi kwa haraka.

Programu ikijifunga, mkosaji anaweza kujulikana. Kwenye Windows fungua Event Viewer, sehemu ya Windows Logs, kisha Application, utafute tukio namba 1000. Mstari wa "Faulting module name" unataja faili lililoanguka. Ukikuta jina linaloishia .aex au .ofx, umemshika. Ukikuta nvoglv64.dll, hiyo ni draiva ya NVIDIA, na kazi ya kwanza ni kuweka draiva ya Studio badala ya ile ya michezo. Ukikuta MSVCP140.dll, sasisha maktaba za Visual C++. Ukikuta ntdll.dll, usihukumu bado: mara nyingi memori iliharibiwa mapema na mwingine, na Windows imegundua baadaye. Namba 0xc0000005 iliyo karibu nayo maana yake ni kwamba mtu alijaribu kugusa memori isiyo yake.

Programu isipofunguka kabisa, kata nusu. Plagini za Adobe zinazotumiwa na Premiere na After Effects kwa pamoja ziko C:\Program Files\Adobe\Common\Plug-ins\7.0\MediaCore. (Hiyo 7.0 haijabadilika ingawa matoleo ya programu yamepita mengi. Si folda ya zamani, usiifute.) Za OFX ziko C:\Program Files\Common Files\OFX\Plugins. Hamisha nusu yake nje, ufungue programu. Ikifunguka, mkosaji yuko kwenye nusu uliyoitoa, igawe tena. Kwa plagini 32 unampata kwa majaribio matano. Premiere za karibuni, ukishikilia Alt wakati inafunguka, zinakupa nafasi ya kuzima plagini zote za nje. Resolve ina orodha yake kwenye Preferences, System, Video Plugins, ambako unaweza kuzima moja moja.

Mzigo mzito usiachwe wazi kwenye mradi hadi mwisho. Klipu iliyohitaji kuondolewa chenga iondolewe kwanza kabla ya kitu kingine, itolewe kwa ProRes 422 HQ au DNxHR HQX, fomati za uhariri zisizopoteza ubora mwingi, na ile iliyotoka ndiyo iingie kwenye mradi. Nakala ya mradi wenye plagini ibaki pembeni kwa marekebisho. ProRes 422 HQ ya 1080 kwa fremu 25 inachukua karibu GB 83 kwa saa, kwa hiyo usifanye harusi nzima. Dakika 10 za ukumbi wenye mwanga hafifu ni kama GB 14, ambazo diski ya kawaida inabeba. Faida yake haiishii kwenye uthabiti. Umeme ukikatika saa ya mwisho ya kurenda, kazi nzito imeshakaa kwenye diski.

Tuseme wazi na juu ya plagini zilizokrakiwa, kwa kuwa ndizo zinazouzwa kwa flash kwenye maduka mengi. Ukiacha haki ya mtengenezaji, kulinganisha uthabiti wake hakuna maana. Aliyeikraki amebadilisha msimbo ndani ya faili lilelile linalorenda picha, kwa hiyo unachopima si kazi ya kampuni iliyotajwa kwenye boksi. Saini ya faili imevunjika, na macOS inaweza kukataa kulipakia. Antivirus ya Windows inaweza kulifungia katikati ya wiki, na mradi uliofunguka jana ukafunguka leo na alama za efekti zilizokosekana. Haisasishwi, ilhali programu mama inasasishwa. Na imewekwa kwa ruhusa ya msimamizi kwenye mashine yenye picha za familia za wateja. Mwenye bajeti ndogo ana njia halali: toleo la bure la Resolve linapokea plagini za OFX na lina efekti zake nzuri, na programu za bure za uhariri Kdenlive na Shotcut zinakuja na mkusanyiko wa efekti za frei0r bila malipo.

Kwa maoni yetu, kati ya plagini za kulipia, zinazostahili kuaminiwa kwanza ni zile ambazo mtengenezaji anachapisha orodha ya matoleo ya programu na mifumo aliyozipima, anaandika hitilafu alizozirekebisha katika kila toleo, na anaacha matoleo ya zamani yapakuliwe. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Studio iliyo katikati ya kazi haipaswi kusasisha programu, draiva wala plagini hadi kazi ikabidhiwe, na ikibidi kurudi nyuma lazima kisakinishi cha zamani kipatikane. Kiweke kwenye diski ya nje pamoja na zile namba nne, siku unaponunua.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba kila gazeti lako linapochapisha makala ya kusifu au kuponda plagini, ziandikwe namba hizo nne, aina ya kadi na memori yake, na kama mwandishi alirenda mara mbili na kulinganisha. Vyuo vinavyofundisha uhariri wa video navyo viweke kipimo hiki kwenye mtihani wa vitendo, kwa sababu mwanafunzi anayejua kusoma tukio namba 1000 atamwokoa mwajiri wake siku ya kwanza kazini.

Wahariri wa video na mafundi wa kompyuta za uhariri,
Dar es Salaam